Kozi Avukaye Bahari Hupitia Ikutha

Watoto wa Ikutha, na ninyi wa Mutomo, Kanziko na Mutha, na wenzenu wa ng'ambo ya mto Athi, huko Kibwezi na Makindu, sogeeni karibu na redio. Mwiteni na yule aliye nje akifunga mbuzi, maana habari ya leo inamhusu zaidi, yeye ashindaye malishoni na kuitazama mbingu kutwa nzima.

Leo nina habari za ndege avukaye bahari. Najua wengi wenu hamjaiona bahari kwa macho. Mmeisoma vitabuni, mmesimuliwa na shangazi au kaka afanyaye kazi Mombasa, basi. Hata hivyo kila mwaka, mvua za vuli zikishashika, kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, juu ya mashamba yenu ya ndengu na mtama hupita ndege ambao siku chache tu nyuma walikuwa katikati ya Bahari ya Hindi, maji chini, mbingu juu, wala hakuna hata kijiti cha kutua. Baadhi yenu mmeshawaona. Mmewapigia miluzi, pengine mmewarushia mawe, na hamkujua wametoka wapi.

Huyo ndege anaitwa kozi wa Amur.

Ukimwuliza mvuvi wa Malindi akutajie ndege wa baharini, hatamtaja kozi; atakutajia shakwe, atakutajia buabua. Shakwe ameumbwa kwa ajili ya maji. Vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi apate kuogelea, manyoya yake hayalowi upesi, na akichoka huketi juu ya mawimbi akapumzika. Mto wenu unawajua shakwe hao. Athi ukishapita hapo kwenu huungana na mto Tsavo, na kutoka hapo ukaitwa Galana. Ukikaribia pwani jina lake ni Sabaki, na kaskazini kidogo ya mji wa Malindi unaingia baharini. Pale mlangoni pa mto, kwenye mafungu ya mchanga na tope lililosombwa kutoka Ukambani, hukusanyika shakwe na buabua kwa maelfu. Mvua ikinyesha Ikutha na korongo zikafurika, udongo wenu mwekundu ndio unaokwenda kuwa uwanja wa ndege hao.

Kozi wetu hana hata kimoja cha kumsaidia majini. Ni ndege wa nchi kavu kabisa. Miguu yake ni ya kunasia wadudu, si ya kuogelea, na akiangukia baharini manyoya yanalowa, hainuki tena. Pamoja na hayo yote, hakuna ndege mwindaji mwingine duniani ambaye ni desturi yake kuvuka bahari pana kama anayoivuka huyu kila mwaka. Kutoka India hadi pwani ya Somalia ni kama kilomita 3,000 za maji matupu. Shakwe akichoka anaketi. Kozi akichoka, hana pa kuketi. Ndiyo maana nimeamua leo kumweka yeye mbele ya shakwe.

Haya, mtamjuaje? Ni mdogo. Ukimweka kwenye mizani ya dukani hafikishi robo kilo. Wengi wao wana gramu 150 hivi. Mabawa yake ni marefu na yamechongoka, na akiyakunjua, kutoka ncha hadi ncha hayafiki mita moja. Dume ni wa kijivu kilichokolea, mapaja yake ni ya rangi ya kahawia nyekundu, na akipita juu yako utaona sehemu ya mbele ya mabawa, upande wa chini, ni nyeupe kabisa. Jike ana kifua na tumbo jeupe lenye madoa na mistari myeusi. Wote wawili wana miguu myekundu iliyoelekea rangi ya chungwa. Hiyo miguu ishikeni sana. Jua likiwa nyuma yako na ndege akiwa chini kidogo, utaiona.

Sasa twende kwenye jioni yenyewe. Mnaijua. Mvua imenyesha usiku, asubuhi imeacha, ardhi imelowa, na ikifika saa kumi na moja jioni upepo umetulia. Kwenye kichuguu matundu madogo yanafunguka. Hutangulia mchwa askari, wale wenye vichwa vikubwa, wakasimama ukingoni kulinda mlango. Kisha kumbikumbi wanaanza kutoka, mmoja, watatu, halafu wanamiminika mpaka hewa yote inajaa mabawa. Ninyi mnakimbilia mabeseni na mablanketi. Kuku wanakuja mbio. Nyanya anaweka kikaango tayari. Na mkiinua macho, makozi wamejaa angani, ishirini, hamsini, wakati mwingine mamia, na hakuna aliyewaona wakifika.

Mchague mmoja umtazame, usihangaike na kundi zima. Hugeukia upepo unakotoka, akapunguza mwendo hadi karibu asimame hewani. Ananyoosha mguu mmoja mbele, anamdaka kumbikumbi, anainamisha kichwa hadi chini ya kifua na kumla hapohapo bila kutua. Mabawa ya kumbikumbi hayana shibe, kwa hiyo huyaachia. Ukiwa umesimama chini yake utayaona yakishuka taratibu, yakimetameta kwa jua la magharibi, na kabla hayajagusa ardhi kozi ameshadaka mwingine. Hupiganii naye chakula. Wewe unaokota walio chini na wanaotoka shimoni, yeye anachukua walioshapaa.

Kwa nini ana pupa hivyo? Kwa sababu ametoka mbali na amemaliza akiba yote aliyokuwa nayo mwilini. Sasa hapo ndipo hadithi ilipo.

Mto Amur uko mashariki mwa Asia, na kwa sehemu kubwa ndio mpaka kati ya Urusi na Uchina. Kozi hawa huzaliwa huko, na katika nchi za jirani: Mongolia, kaskazini mwa Uchina, na Korea Kaskazini. Wakati wa kiangazi chao, yaani kuanzia Mei hadi Agosti, nchi ile ina joto, mchana ni mrefu sana, na wadudu ni wengi ajabu. Kozi wa Amur hajengi kiota. Hutafuta kiota kikuukuu cha kunguru juu ya mti, akakifanya chake. Jike hutaga mayai matatu au manne, wakati mwingine zaidi, na wazazi wote wawili huyaatamia kwa zamu. Baada ya mwezi mmoja hivi yanaanguliwa, na baada ya mwezi mwingine vifaranga wanaruka.

Halafu majira yanabadilika. Baridi ya huko si baridi ya Julai ya Machakos. Mto wenyewe, mpana kuliko Athi mara nyingi, huganda ukawa barafu, na magari hupita juu yake. Panzi, mbawakawa na kereng'ende wote hutoweka. Ndege alaye wadudu akibaki huko atakufa kwa njaa kabla hata baridi haijamfikia. Basi mwezi wa Septemba wanaondoka, wakubwa kwa wadogo. Na hebu fikirini jambo hili: aliyeanguliwa Julai, ifikapo Novemba anavuka bahari. Ana umri wa miezi minne au mitano. Mdogo wako wa umri huo bado anabebwa mgongoni.

Kutoka Amur wanashuka kusini kupitia Uchina, wanazunguka milima mirefu ya Himalaya upande wa mashariki, na mwezi wa Oktoba wanafika kaskazini-mashariki mwa India, katika majimbo ya Nagaland, Manipur na Assam. Hapo wanatua. Wanatua kwa wiki kadhaa, kwa makundi makubwa ajabu, wakilala wote pamoja kwenye miti mpaka matawi yanainama. Kazi yao hapo ni moja tu, kula. Na chakula chao kikubwa huko, wanangu, ni kumbikumbi. Kule nako mvua ikishapita vichuguu hufunguka, na kozi hujishindilia hadi mwili unapata mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Mafuta hayo ndiyo petroli yake. Hakuna kituo baharini, lazima ajaze tangi kabla ya kuondoka.

Kuna kijiji huko Nagaland kinaitwa Pangti, karibu na bwawa la Doyang. Bwawa hilo lilijengwa kwa ajili ya umeme, na miti iliyo kandokando yake ndiyo kozi waliyoipenda. Wanakijiji walikuwa wavuvi na wakulima, watu wa kipato kidogo kama walivyo wengi wetu. Wakaona ndege hawa wakija kila mwaka kwa maelfu. Wakachukua nyavu zao za samaki, wakazitundika juu mitini. Kozi wakitoka kulala alfajiri au wakirudi jioni, wananasa. Wanakijiji wakawauza, wengine wakiwa hai, wengine wamekaushwa kwa moshi. Mwaka 2012 wanaharakati wa mazingira wa India walifika pale, wakapiga picha za video, na dunia ikaona. Makadirio yalisema katika msimu ule mmoja zaidi ya kozi 100,000 waliuawa.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mtu angeweza kuwatukana wale wanakijiji na kuondoka. Haikuwa hivyo. Watu walikaa nao, wakaongea na baraza la wazee, makanisa yakaingia, shuleni vikafunguliwa vilabu vya mazingira, na watoto wa rika lenu wakafundishwa ndege huyu anatoka wapi na anakwenda wapi. Wengi pale hawakujua kwamba kozi waliyemla jana alikuwa njiani kuja Afrika. Baraza la kijiji likapiga marufuku nyavu. Msimu uliofuata, mwaka 2013, ikatangazwa kwamba hakuna kozi hata mmoja aliyenaswa. Kutoka zaidi ya 100,000 hadi sufuri, kwa mwaka mmoja. Mimi nimesoma habari nyingi za kulinda wanyama, na nyingi zinahuzunisha. Hii ni miongoni mwa chache zinazonipa nguvu ya kusema na ninyi.

Novemba ya mwaka huohuo, wanasayansi waliwafunga kozi watatu vifaa vidogo vya kutuma ishara kwa setilaiti. Kila kifaa kilikuwa na uzito wa gramu 5, na kilipata umeme wake kutokana na jua. Wale ndege watatu walipewa majina: Naga, Wokha na Pangti. Naga ni jina la watu wa jimbo lile, Wokha ni jina la wilaya, na Pangti ni kile kijiji chenyewe. Kijiji kilichokuwa kikiwala ndege sasa kikawa na ndege mwenye jina lake, na watu wakawa wanauliza kila siku: Pangti wetu amefika wapi?

Naga akaondoka. Akaikata India yote kuelekea magharibi, akafika baharini na hakusimama. Akaendelea mchana na usiku, hadi nchi ya Somalia. Kutoka Nagaland hadi hapo ni kama kilomita 5,600, na alizimaliza kwa siku tano na nusu hivi. Pigeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya kilomita 40 kila saa, mchana na usiku. Basi la kutoka Kitui kwenda Mombasa husimama Mtito Andei watu wapate chai. Naga hakusimama popote.

Anawezaje? Mafuta nimeshawaambia. La pili ni upepo. Wakati huo wa mwaka pepo za kaskazi huwa zinaanza kuvuma kutoka Asia kuja Afrika ya Mashariki. Ni upepo uleule ambao kwa mamia ya miaka ulizisukuma jahazi za Oman na za Gujarat mpaka Lamu, Mombasa na Zanzibar. Nahodha aliungoja, na kozi naye anaungoja. Hupaa juu sana, akauweka mgongoni, ukamsukuma.

La tatu ndilo linalonistaajabisha kuliko yote, nalo ni kereng'ende. Mnamjua, yule mdudu mwenye mabawa manne ya kung'aa, ambaye hucheza juu ya vidimbwi baada ya mvua. Kuna aina moja ya rangi ya manjano ambayo nayo huvuka bahari. Mtaalamu mmoja aitwaye Charles Anderson, aliyeishi visiwa vya Maldives, aliona kila Oktoba kereng'ende kwa mamilioni wakifika visiwani, na visiwa vile havina mito wala maziwa ya kuwazaa. Akawafuatilia kwa miaka mingi, na mwaka 2009 akaandika kwamba wanatoka India na wanaelekea Afrika kwa upepo huohuo, wakifuata mvua, ili watage kwenye vidimbwi vyetu. Na kozi wanapita wakati huohuo na njia hiyohiyo. Kwa hiyo wataalamu wanadhani kwamba huko juu ya bahari, usiku na mchana, kozi hula kereng'ende wakiwa wanaruka, kama wanavyokula kumbikumbi hapa kwenu. Mkimwona kereng'ende wa manjano juu ya kidimbwi cha Ikutha mwezi wa Desemba, mtazameni kwa heshima kidogo. Inawezekana wazazi wake, au yeye mwenyewe, alizaliwa India.

Nao si peke yao. Mvua za Novemba hazileti mahindi tu. Huleta mbayuwayu kutoka Ulaya, huleta korongo weupe wanaotembea mashambani wakiokota panzi, huleta ndege wadogo wa kahawia ambao hata jina hatuwapi. Upande wa pili wa barabara ya Mombasa, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kuna hoteli juu ya ukingo wa mlima mahali paitwapo Ngulia. Usiku wa Novemba na Desemba, ukungu ukishuka na mwezi usipokuwapo, taa za hoteli ile huwavuta ndege waliokuwa wakisafiri gizani. Hushuka kwa maelfu. Tangu mwaka 1969, watafiti na watu wa kujitolea hukusanyika pale kila mwaka, wakawanasa kwa nyavu laini, wakawavalisha pete ndogo ya chuma mguuni yenye namba, wakawapima, kisha wakawaachilia. Wameshawavalisha pete ndege zaidi ya nusu milioni. Mchana wake, wakiinua macho, huwaona kozi wa Amur wakipita kwa mamia kuelekea kusini. Kutoka Ikutha hadi huko si mbali kwa ndege.

Sasa kuna jambo nataka kusema waziwazi, na naomba na wazazi walio karibu na redio wasikie. Watoto wengi wakiona ndege yeyote mwenye mdomo wa kupinda wanapiga kelele, "Mwewe! Mwewe!" na kukimbilia manati. Naelewa. Mwewe hubeba vifaranga, na kifaranga ni mali ya mama. Lakini kozi wa Amur hawindi vifaranga. Chakula chake ni panzi, mbawakawa, kumbikumbi, nzige. Waulizeni wazazi wenu juu ya nzige wa jangwani walioingia Kitui mwanzoni mwa mwaka 2020, jinsi walivyofunika miti na kula malisho. Ndege huyu ni mmoja wa wale walao nzige. Anapita shambani kwa baba yako, anakula wadudu waharibifu, hatozi chochote, anaondoka. Kumpiga kwa jiwe ni hasara kwa shamba, na ni ukatili kwa msafiri aliyekwisha kushinda bahari.

Kuna hatari nyingine isiyo ya manati, nayo ni dawa. Ndengu zikianza kutoa maua, wadudu huwa wengi, na mkulima hupulizia. Hatumlaumu, anataka mavuno. Ila dawa iliyozidi kipimo huua hata wadudu wasio na hatia, na ndege mwenye kula wadudu mia jioni moja hujikusanyia sumu ya wote. Soma kibandiko cha chupa, pima vile kinavyosema, usipulizie siku kumbikumbi wanaporuka. Na ile miti mikubwa kandokando ya Athi na Tiva, ambako kozi hulala usiku, ikikatwa kwa makaa haioti tena mpaka ninyi mnaonisikiliza muwe na wajukuu.

Kwenu hawakai sana. Siku chache, labda wiki moja mvua zikiwa nzuri, kisha kundi linahama. Wanapitia Tanzania, Zambia na Zimbabwe hadi Botswana na Afrika Kusini, na huko wanakaa miezi ya Januari, Februari na Machi. Kusini huko hulala kwa maelfu kwenye miti mirefu ya mikaratusi mijini, na mvua kubwa ya mawe ikiwapata usiku huwaua wengi. Ikifika Aprili na Mei wanageuka. Sasa kaskazi imekwisha na kusi inavuma, upepo umegeuka kuelekea Asia, wanapitia Somalia na kuivuka tena bahari hadi India, mpaka wafike Amur wakati barafu imeyeyuka. Wakirudi hivyo hawakai juu ya Ikutha kama wakati wa kuja. Kwenda na kurudi, kwa mwaka mmoja, ni kama kilomita 22,000. Naga na Pangti waliifanya safari yote hiyo, na Novemba ya 2014 wakaonekana tena Nagaland, karibu na bwawa lilelile.

Mimi naona mambo mawili hapa. La kwanza, uhai wa ndege huyu unategemea jioni chache sana za kula: zile za Pangti kabla ya bahari na zile za Tsavo na Ukambani baada yake. La pili, watoto wa Pangti wameshafanya zamu yao. Huku, mwisho wa bahari, zamu ni yenu.

Kwa hiyo msimu huu nina ombi. Mvua ikishanyesha mara mbili tatu, jioni kumbikumbi wakianza, mmoja wenu ashike daftari. Andikeni tarehe, andikeni mahali, hesabuni kozi mliowaona, na kama miguu yao ilikuwa myekundu. Msipoweza kuhesabu wote, hesabuni kumi kisha mkadirie. Mpelekeeni mwalimu wenu wa sayansi. Mwenye manati na ayaweke chini mpaka Krismasi ipite. Na yeyote atakayemwokota ndege aliyekufa mwenye pete ya chuma mguuni, mkubwa au mdogo, asiitupe wala asiifanye hereni. Asome namba iliyochorwa juu yake, aiandike pamoja na siku na mahali alipomwokota, kisha amwombe mwalimu au chifu aitume habari hiyo Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kuna watu pale wanaoingoja.